Kutoka Mbeya hadi jangwa la Namib kwa gari: namna ya kupanga

Tangu nirudi kutoka Namibia, swali ninaloulizwa zaidi pale soko la Mwanjelwa, hapa Mbeya, ni moja: "Jua halikuwaunguza?" Jua lilikuwepo, lakini kilichonitesa usiku wa kwanza Sesriem, penye lango la vilima vya mchanga, ni baridi. Mimi mzaliwa wa milima ya Uporoto, niliyezoea kufungua mlango mwezi wa sita na kukuta ukungu umekaa barazani, nililala na koti, kofia na soksi jozi mbili, na alfajiri nilikuwa nimekumbatia sufuria ya chai kama mtoto. Nalisema hili mapema kwa sababu mipango mingi ya safari ya jangwani huharibikia hapa. Mtu anadhani jangwa ni tanuri moja la mchanga, anafungasha fulana na miwani ya jua, anaondoka. Namib ina vilima vya mchanga, ina nyika za changarawe zisizo na mti hata mmoja, ina majabali mekundu, na ina pwani yenye ukungu ambako unaweza kuvaa sweta saa sita mchana. Kila sehemu inadai nguo zake, upepo wake wa tairi na saa zake za kutembea.

Nimeenda mara mbili, zote kwa gari kutoka hapa Mbeya. Mara ya kwanza tulikosea karibu kila kitu. Ninayoeleza hapa ni ya mara ya pili.

Hesabu siku kwanza

Chukua daftari kabla hujatazama picha hata moja. Mbeya hadi Tunduma ni kama kilometa 110. Ukivuka mpaka na kuingia Nakonde, upande wa Zambia, Lusaka iko kama kilometa 1,000 mbele. Lusaka hadi Livingstone ni kama 480, na Livingstone hadi Sesheke ni kama 200. Hapo unavuka Zambezi kwa daraja la Katima Mulilo, lililofunguliwa 2004, na upo Namibia. Usishangilie bado. Katima hadi Rundu ni kama kilometa 510, na Rundu hadi Windhoek, mji mkuu, ni kama 700 nyingine. Jumla ni kilometa 3,000 hivi, na mchanga mwekundu bado uko zaidi ya kilometa 300 kusini-magharibi ya Windhoek.

Kosa letu la kwanza lilikuwa kugawa hizo kilometa kwa mwendo kasi. Zigawe kwa mwanga wa jua. Mwezi wa sita, Windhoek jua huchomoza kama saa moja na nusu asubuhi na kuzama saa kumi na mbili na dakika chache jioni. Una chini ya saa kumi na moja za kuona njia, na ndani yake kuna mipaka, vituo vya ushuru wa barabara, polisi, chakula na watoto wanaotaka kushuka. Usiku usiendeshe. Zambia malori ya mizigo yanayokwenda na kutoka Tunduma huharibika katikati ya barabara, na dereva akaweka matawi ya miti badala ya taa. Kati ya Kongola na Divundu barabara inapita katikati ya hifadhi ya Bwabwata, na tembo huvuka bila kuuliza. Ukishapita Grootfontein hatari ni tandala, mnyama mrefu wa miguu ambaye ukimgonga huja moja kwa moja kwenye kioo.

Kwa hesabu ya mwanga tulilala Mpika, Lusaka, Livingstone, Katima, Rundu, kisha Windhoek. Siku sita kwenda na sita kurudi. Kwa hiyo mwenye likizo ya wiki tatu ana siku tisa za jangwa. Mwenye likizo ya wiki mbili asijidanganye na gari lake. Apande ndege au mabasi hadi Windhoek akakodi gari huko. Najua tunavyopenda kusema "nilienda kwa gari yangu", ila siku mbili za jangwa baada ya siku kumi na mbili za lami ni hasara, na nyumbani utakuwa umechoka kuliko ulivyoondoka. Kwa asiye na haraka, TAZARA inaanzia Dar es Salaam, inapita hapa Mbeya na kuishia Kapiri Mposhi, lakini nenda stesheni uulize kama treni ya abiria inatembea kabla ya kuiweka kwenye mpango.

Chagua sura mbili za jangwa, tatu ukizidi

Hapa ndipo penye utamu na ndipo watu wanapojiponza. Ramani ya Namibia inadanganya. Sehemu mbili zinaonekana jirani, kumbe kati yake kuna saa tano za changarawe. Nitazieleza jinsi nilivyoziona, uchague mwenyewe.

Ya kwanza ni mchanga, maana yake Sossusvlei. Lango liko Sesriem. Kutoka hapo kuna lami ya kilometa 60 ndani ya bonde la mto Tsauchab, vilima vyekundu kushoto na kulia, kisha kilometa 5 za mwisho ni mchanga mzito wa gari linalovuta magurudumu yote manne. Kilima kinachoitwa Dune 45 kimepewa jina kwa sababu kiko kilometa 45 kutoka Sesriem. Kile kikubwa, Big Daddy, kina mita zaidi ya 300 kutoka chini hadi kileleni. Chini yake kuna Deadvlei, sakafu nyeupe ya udongo mkavu iliyosimamisha miti ya migunga iliyokufa karne nyingi zilizopita. Mto ulikuwa ukifika pale, mchanga ukauziba njia, miti ikafa kwa kiu, na ukavu ukazidi hata mchwa wakakosa kazi. Miti ile ni myeusi kama mkaa na bado imesimama. Shemeji yangu, fundi seremala, aliizunguka mmoja mara tatu bila kusema neno.

Ukipanda Big Daddy anza kabla jua halijawa kali. Panda kwenye ukingo wa juu wa kilima, ukikanyaga nyayo za waliotangulia. Wanaokwea ubavuni hurudi nyuma hatua moja kwa kila mbili. Mtu aliyezoea mlima Loleza wa hapa Mbeya anadhani kilima ni kilima, lakini mwamba unakurudishia nguvu na mchanga unazimeza.

Ya pili ni pwani: Walvis Bay na Swakopmund, zimeachana kilometa 30 na kidogo. Mkondo baridi wa Benguela unapita baharini hapo kutoka kusini. Hewa ya juu yake inapoa, haipandi kutengeneza mawingu ya mvua, inageuka ukungu unaoingia nchi kavu. Kwa hiyo mkondo uleule unaoinyima pwani mvua ndio unaoinywesha. Kuna mende wa mchangani ambao alfajiri husimama kichwa chini, mgongo ukaelekea ukungu, tone likateremka hadi mdomoni. Kuna mmea wa welwitschia wenye majani mawili tu maisha yake yote, na baadhi ya mimea hiyo huishi zaidi ya miaka 1,000. Wenye watoto msiiruke pwani. Heroe wapo kwenye wangwa wa Walvis Bay, na karibu na mji kuna Dune 7 ambayo mtoto anaweza kuserereka bila kulipiwa safari ya Sesriem. Leteni masweta.

Ya tatu ni majabali: Spitzkoppe, mlima wa matale unaosimama peke yake uwandani hadi mita 1,728 juu ya usawa wa bahari, na Twyfelfontein, yenye michoro ya wanyama kama 2,000 iliyochongwa kwenye mawe na wawindaji wa kale. Twyfelfontein iliingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia 2007, na bahari ya mchanga ya Namib ikafuata 2013.

Ya nne ni uwanda wa chumvi wa Etosha, kaskazini. Aliyewahi kuteremka bonde la Rukwa wakati ziwa limerudi nyuma atauelewa haraka: weupe unaokwenda hadi macho yachoke, kilometa za mraba kama 4,800. Wanyama hukusanyika kwenye visima pembeni. Sisi tuna Ruaha, kwa hiyo Etosha niliiacha safari ya pili, na sikujuta. Kuna pia korongo la Fish River huko kusini kabisa, lenye kina cha mita kama 550. Kwa anayetoka Mbeya hiyo ni safari nyingine ya peke yake.

Kwa siku tisa mpangilio wangu ni huu: usiku tatu Sesriem, mbili Swakopmund, mbili Spitzkoppe, na mbili za kupumzika na dharura. Mara ya kwanza tulitaka vyote vitano. Tuliviona vyote kupitia kioo cha gari.

Mwezi wa kwenda

Mei hadi Septemba. Mchana unatembea vizuri, usiku baridi inaweza kukaribia sifuri. Oktoba hadi Desemba joto la ndani ya nchi ni la kuogopa, na kuanzia Januari mvua kidogo inaweza kuja na kufunga njia za makorongo. Julai na Agosti wageni ni wengi, kambi hujaa. Kambi ya ndani ya lango la Sesriem iko chini ya Namibia Wildlife Resorts, weka nafasi miezi mapema. Sababu si anasa. Waliolala ndani ya lango wanaruhusiwa kuondoka saa moja kabla ya jua kuchomoza, waliolala nje wanasubiri lango lifunguliwe jua likitoka. Saa hiyo moja ndiyo mliyoisafiria kilometa 3,300.

Karatasi

Mtanzania hahitaji viza ya Zambia wala ya Namibia kwa matembezi. Pasipoti iwe na uhai wa miezi sita na kurasa tupu. Beba kadi ya chanjo ya homa ya manjano hata kama hakuna aliyekuuliza mara iliyopita. Watoto: cheti cha kuzaliwa cha kila mmoja, na kama mzazi mmoja hayupo, barua yake ya ridhaa iliyothibitishwa na wakili. Namibia wanalifuatilia hili.

Gari lina karatasi nyingi kuliko wewe. Kadi halisi ya usajili. Kama jina la kwenye kadi si lako, au gari bado lina mkopo wa benki, barua ya idhini iliyogongwa muhuri. Leseni yako pamoja na kibali cha kimataifa cha udereva. Bima ya Kadi ya Njano ya COMESA, unayoipata kwenye kampuni ya bima hapahapa Mbeya, inakufikisha hadi mwisho wa Zambia. Namibia haimo kwenye mpango huo, ukifika Katima utalipia tozo ya barabara na kuulizia bima yao. Zambia watakupa karatasi ya kuingiza gari kwa muda. Itunze kama hati ya shamba.

Shilingi inaishia Tunduma. Badilisha kwacha za kutosha mafuta na ushuru wa barabara, na ubadilishe ndani ya duka la fedha au benki, si kwa vijana wanaokukimbilia dirishani. Namibia dola yao ni sawa kwa sawa na randi ya Afrika Kusini, na randi inapokelewa kila mahali. Ukilipa viingilio vya hifadhi onyesha pasipoti, maana raia wa nchi za SADC wana bei yao, nafuu kuliko ya Mzungu.

Gari

Kwa Swakopmund na Spitzkoppe hata gari la kawaida lililoinuka linafika. Kwa zile kilometa 5 za Sossusvlei, kama huna gari la magurudumu manne, egesha mwisho wa lami upande magari ya kubeba wageni. Hakuna aibu. Nimeona gari jipya limezama hadi kwenye milango pale, mwenyewe anachimba kwa sahani.

Tatizo kubwa ni changarawe. Barabara za Namibia zinakwanguliwa vizuri, zinanyooka, zinakushawishi. Sheria inaruhusu 100 kwa saa nje ya lami. Mimi nasema 80, na penye kona 60. Ukiwa kasi kwenye changarawe, usukani unakuwa mwepesi kama wa gari lililoinuliwa kwa jeki, na ukikata ghafla linapinduka. Kuna sehemu zenye mawimbi madogo kama bati la kuezekea, zinazolegeza nati usizojua kama unazo. Kila jioni mmoja apite na spana.

Sasa tairi, na hapa nisikilize. Mara ya kwanza tulikuwa na spea moja. Kati ya Solitaire na Sesriem, kipande cha kilometa kama 80, jiwe likachana ubavu wa tairi la nyuma. Ubavu hauzibwi. Tukafunga spea tukaendelea taratibu, na kesho yake tukapata pancha nyingine tukiwa hatuna kitu. Tulikaa kando ya barabara tangu asubuhi hadi alasiri, tukipitwa na magari matatu tu, hadi mfugaji mmoja akatubeba na rimu letu nyuma ya pikapu yake. Safari ya pili tulibeba spea mbili kamili kwenye rimu, vifaa vya kuziba pancha, na pampu ya upepo inayochomekwa kwenye gari. Upepo tuliupima kila asubuhi tairi likiwa baridi. Kama kwenye lami unatembea na upepo wa PSI 35, punguza hadi kama 28 kwenye changarawe, tairi ilambe mawe badala ya kupigana nayo. Kwenye mchanga mzito shuka hadi 16 au 18, weka gia nzito kabla hujaingia, usisimame, usikate kona kali. Ukitoka mchangani jaza upya hapohapo, kwa sababu tairi legevu kwenye lami linapata moto na kupasuka.

Mbali na tairi: mkanda wa feni wa akiba, hosi za rejeta, mafuta ya injini, kamba ya kuvutia, koleo, pembetatu mbili za tahadhari. Kila ukiona sheli, jaza, hata tangi likiwa na robo tatu. Solitaire ina sheli, Sesriem ina sheli, na kati yake hakuna hata kibanda cha soda.

Mazoezi ya nyumbani

Hii ndiyo hatua ninayoisisitiza kuliko zote, na haigharimu nusu ya unavyodhani. Mwezi mmoja kabla ya safari, fungasha kila kitu kana kwamba mnaondoka kweli, halafu nendeni Iringa siku tatu.

Siku ya kwanza pitieni Isimila, kilometa kama 20 kabla ya kufika Iringa mjini. Wengi wanaenda kwa ajili ya zana za mawe za watu wa kale. Nendeni saa saba mchana, makusudi, mkashuke korongoni kati ya zile nguzo ndefu za udongo zilizochongwa na mvua na upepo. Hapo mtajua nani katika msafara hanywi maji hadi akumbushwe, nani kofia yake inapeperuka, na viatu vya nani vinaingiza mchanga. Pimeni maji mliyotumia. Sisi tulidhani tunatumia lita mbili kwa mtu. Tulikuta tatu na nusu, na hapo ilikuwa nusu siku.

Siku ya pili shikeni barabara ya Hifadhi ya Ruaha. Kutoka Iringa hadi Msembe ni kama kilometa 130, na kiangazi huko kunafundisha vumbi kuliko maneno yangu. Mtasikia milio ya gari ambayo lami ilikuwa inaificha. Kila mlio utafute usiku uleule. Sisi tuligundua kitasa cha mlango wa nyuma kinaingiza vumbi hadi kwenye unga, na kwamba boksi la vyombo lilikuwa juu ya spea. Fikiria kushusha vyombo vyote, masufuria, jiko na mchele, ili ufikie tairi huku jua linawaka. Lilihamishwa hapohapo.

Kwa mchanga, tafuteni korongo kavu la mto nje ya hifadhi, muombe ruhusa kijijini, kila dereva apunguze upepo, aingie, akwame, ajitoe, ajaze. Kukwama karibu na kijiji kwenye vijana wa kusukuma ni darasa. Mke wangu alikwama mara mbili, mimi mara nne, na tangu hapo mchangani anaendesha yeye.

Usiku laleni kwenye hema. Mtu akikataa hema Iringa, mapema ajue atalipa chumba Namibia.

Maji, chakula na mwili

Jangwani tulihesabu lita tano za kunywa kwa mtu kwa siku, na mbili za kupikia na kunawa, kwenye madumu madogo ya lita tano badala ya dumu moja kubwa. Dumu moja likipasuka unapoteza lita tano, si ishirini na tano. Daima tulikuwa na akiba ya siku mbili isiyoguswa. Hewa ni kavu kiasi kwamba jasho hulioni, linakauka kabla ya kutoka, kwa hiyo usisubiri kiu. Chumvi na sukari ya kuchanganya, au pakiti za ORS, ziwe mfukoni mwa mlango. Vaselini ya midomo na puani, kwa sababu pua hutoka damu kwa ukavu. Dawa za malaria na chandarua ni za njiani, Zambia na ukanda wa Katima hadi Rundu. Ukishafika Sesriem mbu huwasikii.

Mchele wa Kyela tulibeba kilo kumi, na karanga, dagaa na majani ya chai. Maparachichi ya Tukuyu mmalize kabla ya mpaka. Nyama ndiyo yenye mtego. Namibia ina uzio wa mifugo unaokata nchi kutoka mashariki hadi magharibi, na nyama mbichi haivuki kutoka kaskazini kwenda kusini. Tulinunua nyama nzuri Rundu, tukaiweka kwenye barafu, na kwenye geti la ukaguzi kabla ya Grootfontein ikachukuliwa yote. Nunueni baada ya geti.

Mkiwa Grootfontein chepukeni kidogo mkaone kimondo cha Hoba, chuma cha tani kama 60 kilichoanguka kutoka angani. Mtu wa Mbeya ana jambo la kulinganisha, kwa sababu Kimondo chetu cha Mbozi hakiko mbali na njia ya Tunduma. Ni safari inayoanza na kimondo na kufikia kingine. Watoto wetu ndicho walichokikumbuka kuliko Dune 45.

Historia ya njiani

Sikuiweka hii kwenye mpango wa kwanza na nilikosea, kwa sababu njia hii ina mambo yetu ndani yake. Mwaka 1960, Sam Nujoma, aliyekuja kuwa rais wa kwanza wa Namibia, alipotoroka utawala wa makaburu, alifika Mbeya akiwa na malaria, akatibiwa hospitali ya hapa, akaponyoka kabla Waingereza hawajamkamata, na watu wa TANU wakampitisha Njombe, Iringa na Dodoma hadi Dar es Salaam. Baadaye wapiganaji wa SWAPO, chama cha ukombozi cha Namibia, walikaa miaka Kongwa. Kwa hiyo msishangae mkisema "Tanzania" na mzee akawajibu kwa Kiswahili. Kwetu ilitokea kwenye foleni ya mkate, na mzee yule hakukubali tulipe.

Ukipita Otjiwarongo, mashariki kuna mlima mrefu wa kichwa bapa, Waterberg. Mwaka 1904 jeshi la Wajerumani chini ya Lothar von Trotha liliwapiga Waherero pale, likawasukuma jangwani Omaheke, likaziba njia za kurudi kwenye visima. Maelfu walikufa kwa kiu. Von Trotha huyo aliwahi kutumika huku Afrika Mashariki ya Kijerumani miaka ya 1890, miaka ileile Mkwawa alipokuwa akiwapiga chenga Wajerumani Uhehe. Aliyewahi kusimama Kalenga mbele ya fuvu la Mkwawa lililorudishwa 1954 atauangalia mlima ule kwa jicho jingine. Nilipokunywa maji hapo nilijikuta nakunywa polepole.

Siku za mchangani zenyewe

Mkishafika, mambo ni machache. Amkeni saa kumi na moja alfajiri, chai iwe kwenye chupa tangu usiku. Panda kilima, shuka Deadvlei, na kabla ya saa tano muwe kivulini. Mchana ni wa kulala, kufua na kukaza nati. Alasiri nendeni korongo la Sesriem, lina urefu wa kilometa moja na kina cha mita hadi 30, na kuna kivuli. Usitoe gari nje ya njia. Alama za tairi kwenye nyika za changarawe hukaa miaka na miaka, na faini ipo. Ramani pakueni kwenye simu mkiwa Windhoek, maana mtandao unakatika mara tu unapoacha lami. Na kila asubuhi mwambieni mtu wa mapokezi mnaelekea wapi na mnatarajia kufika lini.

Kurudi

Windhoek iko karibu urefu uleule na Mbeya kutoka usawa wa bahari, kwa hiyo ni mahali pazuri pa kulala usiku mmoja, kuosha gari na kukagua tairi. Mchanga utautoa kwenye viti hadi Krismasi.

Kitu cha mwisho ni ile karatasi ya muda ya gari. Mara ya kwanza, kwa furaha ya kuiona Tunduma ng'ambo, tulipiga mihuri ya pasipoti tukaisahau karatasi kwenye droo ya gari, tukavuka. Rekodi za Zambia zikaonyesha gari letu bado liko kwao, na ilibidi nipande basi kurudi mpakani wiki iliyofuata kulifuta. Sasa tunaibandika kwenye kioo cha mbele tangu Mpika. Na mkishavuka sogezeni saa mbele kwa saa moja, maana Zambia na Namibia wako nyuma yetu. Mkidhani ni saa kumi jioni, Tunduma tayari ni saa kumi na moja, na bado mna kilometa 110 za malori hadi nyumbani. Laleni Tunduma.